Nchele au Mchele? Mwalimu Anajibu Maswali Yenu

Mwezi huu barua na meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinazunguka jambo moja, namna sisi watu wa kusini tunavyoongea na namna watu wanavyotupokea tukishafungua mdomo. Nimechagua 5, wengine nitawajibu mmojammoja kwenye simu. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi nimezaliwa Mikindani, nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, mingi kule juu Newala na Tandahimba, sasa hivi nimestaafu niko Mtwara mjini.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne. Likizo alienda Dar kwa mama yake mkubwa, binamu zake wakamcheka wiki nzima kisa anasema nchele, nkono, ntoto. Sasa karudi hataki kuongea mbele za watu, hata dukani nikimtuma anataka nimwandikie kikaratasi. Baba yake anasema tupige marufuku Kimakonde hapa nyumbani ili Kiswahili kimnyooke. Mi nauliza, kweli Kiswahili chetu ni kibovu? Na tukimkataza Kimakonde ndo ataongea vizuri? – Mama, Newala

Marahaba mama, barua yako nimeisoma mara tatu maana imenigusa pabaya, nitakwambia kwa nini hapo mbele.

Kwanza hiyo n. Mtoto wako hachapii. Anafuata kanuni ya lugha ya kwao na kanuni hiyo ni safi kabisa, sauti ya m inapokutana na konsonanti inayotamkwa kwa ulimi, ulimi unawahi, inatoka n. Hata jina la lahaja yenu ya Newala, Chinnima, linabeba hiyohiyo, nnima ndo mlima. Sasa sikiliza hii ambayo hao binamu zake wa Dar hawajafundishwa, Kiswahili sanifu chenyewe kinafanya mambo hayohayo kila siku. Ubao mmoja, wingi wake mbao. Ulimi mmoja, wingi ndimi. Hiyo m ya mbao na hiyo n ya ndimi ni kitu kimoja, ni n ileile ya wingi, ila ikikutana na b inayotamkwa kwa midomo inageuka m, na l nayo ikiifuata hiyo n inageuka d. Hakuna mtu Dar anayecheka mtu akisema mbao. Na hiyo m ya mtu na mti zamani ilikuwa mu, kikameza u, watu wakazoea, ikaitwa sanifu. Kwahiyo kanuni ni ileile, tofauti ni kwamba Kimakonde kimeipeleka hatua moja mbele, na walioipeleka hatua hiyo hawakuwepo siku inaamuliwa kipi kiandikwe kitabuni.

Maana iliamuliwa mama, haikushuka toka mbinguni. Mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa, wakubwa wa elimu wa makoloni ya Waingereza na wamisionari wakakaa, wengine wanataka Kimvita cha Mombasa kwa sababu ya mashairi yake ya tangu zamani, wengine wanataka Kiunguja kwa sababu kilishatembea na misafara ya biashara mpaka bara huko na vitabu vyake vilishachapwa. Kiunguja kikashinda. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ikawa kitabu cha shule lazima kipite kwao wakikubali ndo kichapwe, na miaka ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu. Yani hata Mzanzibari mwenyewe ambaye lugha yake imechaguliwa hakuwa na kiti pale, sembuse mtu wa Newala. Sisemi walikosea kuchagua lahaja moja, nchi kubwa inahitaji namna moja ya kuandika ili mtu wa Kigoma asome barua ya mtu wa Lindi bila shida, na kazi hiyo Kiswahili sanifu kimeifanya vizuri sana na mi nimeula mshahara wake miaka 31. Ninachosema ni kwamba kuchaguliwa sio sawa na kuwa bora. Mtu akichaguliwa monita wa darasa haina maana wale 60 waliobaki ni wajinga.

Sasa pale pabaya. Mwaka wangu wa tatu kazini, shule naiacha bila kuitaja, nilikuwa na binti darasa la tatu, mdogo, anakaa dawati la mbele karibu na dirisha. Nikamwambia asome kwa sauti, sentensi ilikuwa ya mama anapika mchele. Akasoma, mama anapika nchele. Darasa likacheka, mi nikamwambia arudie. Akasema nchele. Nikamwambia tena. Nilimrudisha mara nyingi, kila mara kicheko kinaongezeka, mi nimesimama na chaki mkononi naona nafanya kazi yangu, nalinda lugha ya taifa, na yule mtoto alikuwa anaangalia mdomo wangu, jamani, anauangalia mdomo wangu kwa bidii mpaka macho yamejaa maji anajaribu kuona ile m inatokea wapi. Mwisho nikamwambia kaa. Yule mtoto hakusoma kwa sauti tena mwaka mzima. Mwezi wa nane bibi yake akaja shuleni na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, akanipa, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole kabisa mjukuu wake ana ugonjwa gani wa koo maana nyumbani anaongea vizuri na shuleni wanamwambia haongei. Nilikosa la kumjibu. Ile ming'oko nilikula na wenzangu stafurumu na haikushuka vizuri.

Nimekusimulia hivyo mama ujue kicheko cha wiki moja kinaweza kukaa muda gani. Sasa fanya hivi. Kimakonde msikate, mwambie baba yake kwa heshima zote kwamba mtoto kushika lugha mbili sio gunia la kilo 80 kwamba ukiongeza moja nyingine itamwagika, watoto wa kusini wengi wamekua na mbili na tatu na wanazipanga wenyewe kichwani. Ukimkatia Kimakonde Kiswahili hakitanyooka kwa hilo, kitakachotokea ni kwamba atashindwa kuongea na bibi yake. Kwenye kuandika mfundishe m, daftarini iandikwe mchele, mtihani unataka mchele, hiyo haina mjadala na atashika haraka tu. Kwenye kuongea muache. Na kabla ya likizo ijayo mpigie simu dada yako umwambie mambo haya ya mbao na ndimi, awaeleze wanae, watoto wakielezwa wanaelewa, mara nyingi sisi watu wazima ndo hatujaeleza.

Mwalimu habari ya kazi. Mimi ni binti wa Masasi nafanya kazi ofisi moja Dar, napokea wateja. Tangu nimefika hapa nimebadilisha kabisa lafudhi, hakuna anayejua nimetokea wapi mpaka niseme. Tatizo mama akipiga simu natoka koridoni, naenda mpaka kwenye ngazi ndo napokea kwa Kiyao, nikimaliza naangalia kama kuna mtu kanisikia. Juzi mwenzangu alinikuta akaniuliza naongea na nani, nikasema na mama mmoja alikosea namba. Nimekosa usingizi. Je nimewakana wazazi wangu? – Binti wa Kusini

Mwanangu, kubadilisha lafudhi sio kosa. Mtu anayefanya kazi ya wateja anaongea ya wateja, hata mi darasani sikuongea kama naongea na mashoga zangu bandarini Mikindani, kila mtu ana Kiswahili cha ofisini na cha jikoni na hiyo ni akili, sio unafiki. Lakini uliposema ni mama mmoja kakosea namba, hapo sitakudanganya, hapo umeumia mwenyewe na ndo maana usingizi umekata. Sio kwamba umemkana mama yako, yeye hajui na usimwambie. Ila hiyo hofu sio yako, umebebeshwa.

Angalia tu jinsi mji unavyotutumia majina. Wamachinga ni watu, kabila kabisa, wapo Lindi, wana mashamba wana makaburi ya babu zao. Leo ukisema machinga nchi nzima inaona kijana na beseni la soksi kichwani. Wapo wanaolieleza neno hilo vingine, lakini tulivyosimuliwa wengi wetu ni kwamba vijana wa huku kusini walivyofika Dar kuuza vitu mkononi, jina la kabila likageuka jina la kazi, na kazi yenyewe ya kufukuzwafukuzwa na mgambo. Hata jengo kubwa la biashara pale Ilala likaitwa kwa jina hilo, na sidhani wengi wanaopanda zile ngazi wanajua kwamba kuna bibi Lindi anayejiita Mmachinga bila kuuza chochote. Jina la watu likienda mjini likarudi na maana ya ufukara, mtoto wa watu hao akifika mjini anajificha, sasa nani wa kumlaumu.

Nawe ni Myao wa Masasi, nikwambie kitu ambacho labda hukuambiwa. Kiswahili hichohicho cha Kiunguja unachojibanza nacho ofisini, askofu Edward Steere aliyekiandikia kitabu cha sarufi mwaka 1870 ndo huyohuyo aliyeongoza watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876 kutoka pwani wakaenda kuanzisha misheni Masasi. Na Kiyao nacho alikishughulikia akakiandikia kitabu, aliona ni lugha ya kusomwa. Kwahiyo Kiswahili sanifu na mji wenu vimejuana kabla Dar haijawa mji wa maana. Usiingie ofisini kwa mtu kama mgeni kwenye lugha iliyolala kwenu. Na rais wa awamu ya tatu, mzee Benjamin Mkapa, alitoka Lupaso, Masasi hiyohiyo.

Sikuambii kesho uongee Kiyao mapokezini. Nakuambia siku mama akipiga tena, pokea ulipo, mwambie kwa Kiyao nipo kazini mama nakupigia saa kumi, kata, endelea na mteja. Sekunde 10. Mwenzako akiuliza ni nani, sema ni mama yangu. Anza na hilo tu, alafu uniandikie ilikuaje.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, nina umri wa miaka 58. Swali langu ni la mkutano. Kila msimu chama kinatuita, anakuja mtu na karatasi anatusomea mjengeko wa bei, makato haya na yale, andagredi, unyevu, sijui asilimia ngapi, anasoma mbio, anamaliza anasema kuna swali? Wazee kimya. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa Kiswahili changu hiki, vijana wakacheka, na yeye akanijibu mzee hayo ni ya kitaalamu. Nikakaa. Je kuna haja ya mtu kama mimi kuongea mkutanoni? – Mkulima, Tandahimba

Marahaba kaka yangu, japo umri tumekaribiana. Haja ipo kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote pale maana korosho ni zako.

Neno la kitaalamu kazi yake ni kuharakisha mambo kati ya watu wanaolijua wote, likisemwa mbele ya mtu asiyelijua na asielezwe linageuka ukuta. Andagredi ni korosho ya daraja la chini, basi, ile yenye madoa au ndogondogo au haikukaushwa vizuri, kuna dakika ngapi hapo za kueleza? Unyevu ni maji yaliyobaki ndani ya korosho, na wewe unayezianika juani na kuzichezesha mkononi usikie zinavyolia ndo unaujua kuliko aliyekuja na karatasi. Mambo yote yale yana Kiswahili, na Kimakonde pia. Mtu akikwambia ni ya kitaalamu maana yake hataki kueleza au hawezi.

Na watu wa huku tunaweza kutunga neno likatingisha nchi. Kangomba. Neno la mashambani kwetu, kununua korosho kienyeji kwa vipimo vya mtaani nje ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza kupitia maghala na minada, muuzaji ana shida ya ada au msiba anauza kwa bei ya kutupa. Miaka yote wanajua wa kusini tu. Msimu wa 2018 wakulima wakagoma kuuza kwa bei ya minada, rais akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, pakaanza uhakiki wa nani ana shamba na nani ni wa kangomba, na neno likawa kwenye taarifa ya habari kila usiku, mtu wa Mwanza analitamka, mtu wa Arusha analitamka, hakuna aliyesema sio sanifu. Likiwa mdomoni mwa mkulima ni neno la kienyeji, likiwa mdomoni mwa mkubwa ni neno la nchi. Hilo linaniuma lakini pia linanipa nguvu, nawe likupe.

Cha kufanya. Usiende peke yako kunyoosha mkono, kaeni wazee 5 au 6 siku moja kabla, gawaneni maswali, mmoja makato, mmoja madaraja, mmoja tarehe za malipo. Mtu akicheka swali la mmoja, wa pili anauliza lilelile. Ombeni mjengeko wa bei ubandikwe ukutani chamani kwa maandishi makubwa siku 2 kabla ya mkutano, sio kusomwa tu, msomaji wa kijiji awasomee taratibu. Na kama kuna wazee ambao Kiswahili ni kizito kwao, katibu ni kijana wa hapohapo, asimame atafsiri kwa Kimakonde, hakuna kinachomkataza. Mahakamani mtu asiyejua lugha anawekewa mkalimani, na tangu 2021 sheria imebadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, baada ya miaka na miaka ya watu kusomewa hukumu kwa Kiingereza wanarudi nyumbani kuuliza wakili nimeshinda au nimeshindwa. Ikiwa mahakama imeweza kushuka, chama cha msingi chenye wanachama wanaojuana kwa majina ya bibi zao kinashindwaje?

Mwalimu mambo. Mi niko Kilwa Masoko. Huku wazee wetu wanasema sisi ndo Waswahili wenyewe, hao Wamatumbi na Wangindo na Wamakonde Kiswahili wamejifunza juzi kwahiyo hawawezi kutufundisha. Lakini shuleni tulifundishwa Kiswahili fasaha ni cha Unguja. Sasa sisi tuko kundi gani? – Kijana wa Kilwa

Salama mwanangu. Swali zuri na lina ncha mbili, moja itakufurahisha na nyingine sijui.

Inayofurahisha. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yanayojulikana mpaka leo ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na barua zenyewe zimehifadhiwa mpaka sasa kwenye nyaraka za Goa kule India. Kilwa, mwanangu, mkoa wa Lindi. Mi nilizijua nimeshastaafu, miaka 31 nafundisha Kiswahili kusini na hakuna kitabu cha darasani kilichonipa hiyo ya kuwaambia watoto. Ningekuwa nayo siku ile ya nchele ningesimama tofauti. Na lahaja ya kwenu ina jina kwenye vitabu vya wataalamu, Kimgao, inahesabika pamoja na Kimvita na Kiamu na Kitumbatu na Kiunguja chenyewe, ni ndugu zao wa tumbo moja, ila yule mmoja alipelekwa shule.

Ya pili. Hao wazee wako wanasema kitu ambacho na mi nimekulia nacho Mikindani. Nyumbani kwetu mtu akishuka kutoka juu na mzigo wa muhogo, mama zetu walikuwa wanamuita mshenzi na hawakuona ni tusi, ilikuwa ndo neno, mtu wa pwani muungwana, mtu wa bara mshenzi, na muungwana alijulikana kwa kanzu, kwa dini na kwa Kiswahili. Bibi yangu mwenyewe mzaa mama alikuwa Mmakonde wa kutoka juu, alikuja mdogo, akajifunza Kiswahili cha pwani kwa bidii mpaka ukimsikia hutofautishi, na alikuwa mkali kuliko wote kusema wale washenzi. Sikuelewa nikiwa mtoto. Naelewa sasa.

Alafu lugha hii kwa Mmatumbi wa milimani ilifika na sura gani? Wajerumani walitawala kwa maakida, wengi watu wa pwani, wakatumia Kiswahili kama lugha ya serikali. Kodi iliitwa kwa Kiswahili, kazi ya shamba la pamba la lazima iliitwa kwa Kiswahili, viboko vilihesabiwa kwa Kiswahili. Ndo maana 1905 vita vya Maji Maji vilipowaka huko Umatumbi, hasira ya mwanzo iliwaangukia maakida na mashamba ya pamba. Lakini hapohapo angalia jina la vita, ni maji, neno ambalo Mmatumbi, Mngindo, Mmwera na Mngoni wote waliweza kulishika wakapigana pamoja mpaka 1907. Lugha ileile ya akida ikawa ya wanaompinga akida. Kwahiyo ukisema Wamatumbi wamejifunza juzi, wameilipia bei ambayo sisi wa pwani hatukuilipa, na mi naona wana haki nayo sawasawa na wewe, kama sio zaidi.

Uko kundi gani? Uko kundi la waliocheka na kuchekwa, kama mimi. Waulize wazee wako majina ya samaki na ya sehemu za jahazi wanavyoyasema wao, uyaandike yote, Kimgao hicho kinaondoka na wao.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, natokea Mbeya, nimepangiwa kituo cha afya mkoa wa Lindi vijijini. Bibi zangu wengi wanaokuja Kiswahili chao ni kidogo, wengine wanakubali kila ninachouliza, ndio, ndio, kumbe hawajaelewa. Wenzangu wanawafokea. Mimi sitaki kufoka ila sijui nifanyeje. – Muuguzi mgeni

Marahaba mwanangu, umekuja vizuri.

Hiyo ndio, ndio ni adabu na ni woga, bibi hawezi kumwambia mtu aliyevaa nyeupe kwamba sijakusikia. Usimuulize umeelewa? Muulize sasa ukifika nyumbani utakunywaje hizi dawa, nioneshe, hapo utajua. Mjukuu aliyekuja naye sio wa kutafsiri kila kitu, kuna mambo bibi hatayasema mbele ya mjukuu wa kiume hata afe, tafuta mama mtu mzima pale kituoni, mfagizi au mpishi, muombe kwa heshima, na asifanywe kama anasaidia tu, hiyo ni kazi.

Na jifunze maneno 20. Hayazidi. Maji kwa Wamakonde ni medi, kwa Wayao ni mesi, ukimpa bibi dawa ukamwambia kwa lugha yake anywe na maji mengi, utaona uso wake. Yaandike kwenye karatasi ubandike nyuma ya mlango wa chumba chako, maumivu, tumbo, damu, usiku, mara ngapi. Mwite bibi au mama, sio we mzee, na ukikosea kutamka wakacheka, cheka nao, bibi hao hawachekei kukuumiza.

Ila kwa unakosema upo, wengi watakuwa Wamwera, na Kimwera changu ni cha kusikia sokoni tu. Naomba msomaji yeyote wa Nyangao, Mtama au Ruangwa anayekijua vizuri aniletee namna bibi wa Kimwera anavyosema mgongo unaniuma, nasikia kizunguzungu, na sijapata choo siku tatu. Mkiniletea kabla ya tarehe 20 nitampelekea huyu dada mwenyewe, na mwezi ujao tutayachapa hapahapa kwa wauguzi wengine.